Mita Tatu kwa Mbili

Mama yule aliuza vitenge mtaa wa pili kutoka duka letu la kuchapa mabango, Kariakoo. Alikuja asubuhi. Mwanawe wa kiume alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda, na mchana huohuo angeagwa nyumbani Magomeni kabla ya kusafirishwa kwenda Moshi.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Nataka bango lake, mita tatu kwa mbili. Jeneza halitafunguliwa, ameharibika. Nataka watu wamwone."

Akanirushia picha kwenye simu. Ilikuwa ya harusini, marehemu kasimama mstari wa nyuma, na ilishapita simu za watu wengi, kila ikitumwa inazidi kufifia. Nilipomkata peke yake, uso wake ulikuwa mdogo kuliko ukucha wangu.

Picha ina kikomo. Ukiivuta kupita hapo inapasuka, mashavu yanageuka vijiboksi. Bango la barabarani halitusumbui sana, maana watu hulitazama kwa mbali. La msibani hulisogelea. Nilipaswa kumwambia tumweke mdogo katikati, maua yajaze nafasi iliyobaki, au atafute picha nyingine. Nilijua yote hayo.

Lakini alishanikera. Mara rangi ya suti nibadilishe, mara jina limekaa vibaya, kisha mbele ya wateja akauliza, "Hivi wewe hii kazi ulisomea kweli?" Wakanicheka. Basi nikaipunguza picha kwenye skrini ya kompyuta, ikaonekana safi, nikamwonyesha.

"Itatoka hivihivi?"

"Hivyohivyo, mama."

Akaondoka kuwahi wageni. Mashine ikachapa, nikalikunja, na bosi akanituma nikalifunge mwenyewe.

Nililitundika ukutani, nyuma ya meza ya kuwekea jeneza. Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakageuka kulitazama. Mama akasogea, akaweka kiganja juu ya vijiboksi vya kahawia, akawa anapapasa.

"Macho yake yako wapi?"

Mdogo wake wa kike akamshika bega. "Rudi nyuma, dada. Ukiwa mbali anaonekana."

Akarudi hatua tano. Akatikisa kichwa. Akarudi tena, akapita viti vyote, mpaka getini. Hapo akasimama. Jeneza lilipoingizwa walimwita akae mbele, akakataa. Sala nzima aliisikilizia getini, peke yake, watu wote wakiwa wamempa mgongo.

Wakati natoka alinishika mkono.

"Mwanangu, ulijua itakuwa hivi?"

"Hapana, mama. Ni mashine."

"Haya. Asante kwa kuja."

Dukani nilimsimulia bosi, nikamwigiza alivyokuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua. Tulicheka mpaka bosi akafuta machozi.

Waliporudi kutoka kuzika, yule mdogo wake mama alikuja na simu ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na picha kibao, kali, alizojipiga mwenyewe akitabasamu. Yoyote kati ya hizo ingetosha ukuta ule.

"Hukutuuliza kama tunazo nyingine," alisema.

Alitaka moja tu, ndogo, ya kuweka mezani. Nikaichapa kwa uangalifu mkubwa. Hata kope zilihesabika. Nilimkabidhi ikiwa ndani ya bahasha, nikamwita mteja anayefuata.