Makopo Kumi na Tisa Yasiyobatizwa

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Shangazi, kama mtaani walivyomwita, ilikuwa kuthibitisha kwamba kitu fulani hakipo. Alikaa kwenye maabara ya kiwanda cha soda, chumba chenye dirisha moja na sinki mbili, na kila nusu saa aliletewa kopo moja kutoka kwenye mashine ya kujazia. Alilifungua, akalitikisa gesi itoke, akadondosha tone moja kwenye kioo cha kipimo cha sukari, akafumba jicho la kushoto na kusoma. Soda ya kawaida ilisoma kumi au kumi na moja. Soda isiyo na sukari ilitakiwa isome sifuri, au pua na mdomo na sifuri. Ikizidi hapo, alibonyeza kengele na mashine yote ikasimama.

Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Sifuri. Walimwita kwa mapenzi, naye aliitika kwa kicheko. Ila kuna siku, akiwa peke yake anavua koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, jina hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki, maana yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto.

Mumewe alikuwa fundi saa, na Fundi Saa ndilo jina alilojulikana nalo na kila mtu, hata kanisani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, meza moja chini ya dirisha, kilenzi cheusi kimebanwa kwenye jicho, na ukutani saa za watu, kila moja ikisema lake. Alikuwa mpenzi wa soda kupita kiasi, tatu kwa siku bila kupepesa macho. Daktari alipomwambia ana kisukari na kumpiga marufuku, alinuna mwezi mzima kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Kiwanda kilipoanza kutengeneza soda isiyo na sukari, Shangazi alimletea kopo la kwanza. Fundi Saa alionja, akalizungusha mdomoni, akameza.

"Ni kama kusalimiana na mtu mliyegombana," alisema. "Mkono anakupa, moyo haupo. Haya, mna nini humu kama sukari hamna?"

"Maji yenye gesi," Shangazi alianza kuhesabu kwa vidole. "Rangi ya sukari iliyounguzwa, kidogo mno, ndiyo huo weusi. Asidi ya fosforasi, ndiyo inayokung'ata ulimi. Kafeini. Dawa ya kuzuia isiharibike. Halafu aspatamu na mwenzake mmoja, hao ndio wanaoleta utamu. Aspatamu ni tamu kama mara mia mbili ya sukari, kwa hiyo kopo zima linatosheka na chembe chache tu."

"Na vitamini?"

"Hamna."

"Protini? Mafuta?"

"Sifuri."

"Hata nguvu ya kunyanyua bisibisi?"

"Sifuri. Ni maji yaliyovaa suti, mume wangu. Hayakujengi, hayakupandishii sukari, na ukiyanywa kutwa asidi itakula meno yako. Kopo moja kwa siku, basi. Kiu ikikushika, kunywa maji."

Fundi Saa alicheka mpaka kilenzi kikamdondoka jichoni.

Kila mwezi wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua katoni moja ya makopo ambayo mashine ya chapa iliyakosea. Soda ndani ilikuwa nzima, ila nje kopo lilikuwa jeupe kama bati, bila jina wala maandishi. Juu ya katoni mtu wa ghala aliandika kwa kalamu nene: ina sukari, au haina. Shangazi hakuiamini kalamu ile hata kidogo. Alijua kwamba mashine inapobadilishwa kutoka soda moja kwenda nyingine, katoni za mwanzo zinaweza kuchanganyikana, na kopo lisilo na maandishi halina mdomo wa kujitetea.

Basi alikuwa na dawa yake, aliyojifunza kazini. Alijaza maji kwenye beseni uani na kutumbukiza kopo moja moja. Soda yenye sukari ni nzito, inakwenda chini. Isiyo na sukari ni nyepesi, inaelea. Yote ishirini na manne aliyapitisha kwenye beseni, mwezi baada ya mwezi, na Fundi Saa kutoka mezani kwake alikuwa akipaza sauti:

"Umeshazibatiza?"

"Ndiyo naanza, mchungaji hana haraka."

"Zimeokoka?"

"Zimeokoka zote."

Ndipo alipoletewa la kwanza, bado linadondosha maji.

Hayo yaliendelea miaka sita. Kisha siku moja, akitafuta wembe kwenye droo ya parafujo, Shangazi alikuta kopo la maziwa mazito ya sukari limetobolewa, na kijiko kimesimama ndani yake. Alihisi kama ametukanwa. Miaka yote ile ya kupima, ya kupika kwa mizani, ya kumwosha vidole vya miguu na kuvikagua kimoja kimoja, na huku mwenzake anakomba maziwa kwenye droo.

"Nilionja tu," Fundi Saa alisema.

"Basi kula," Shangazi alimjibu. "Kula ufe, mmoja wetu apumzike."

Maneno yakishatoka hayana pa kurudia. Siku nne hawakusemeshana zaidi ya salamu. Siku ya tano ilikuwa siku ya katoni. Shangazi alirudi kazini miguu imevimba na moyo bado umefura. Juu ya katoni yake iliandikwa: haina sukari. Aliibwaga mlangoni pa jikoni, akalitazama beseni lililoegemea ukuta, kavu, akasema moyoni, kama anataka abatize mwenyewe. Akaenda kulala.

Fundi Saa hakubatiza. Alikunywa moja kwa siku, kama alivyozoea. Siku hizo alikuwa mpole ajabu. Aliichukua saa ya mkononi ya Shangazi, akaifungua, akaisafisha, akaivisha mkanda mpya wa ngozi na kuiweka kando ya kikombe chake cha chai. Shangazi aliivaa bila kusema ahsante. Alidhani anahongwa.

Siku ya sita tangu katoni ije, asubuhi, Fundi Saa aliinamia meza yake na hakuinuka. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umechoka siku nyingi. Alisema pia kwamba sukari waliikuta juu.

Msibani, mbele ya wanakwaya na majirani, wifi yake Shangazi, dada mdogo wa marehemu, alisimama na kumnyooshea kidole. "Kaka yangu kauawa na makemikali ya maabara. Kila siku kopo, kila siku kopo. Mtu akinyweshwa dawa za kiwandani miaka sita ataishi?"

Shangazi angeweza kumjibu. Alijua lebo nzima kwa moyo. Alijua kila kiambato kina kiasi kilichoruhusiwa na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wanaokipima. Alijua pia kwamba lile onyo dogo kuhusu aspatamu linawahusu watu wachache wanaozaliwa na miili isiyoweza kuichakata, na mumewe hakuwa mmoja wao. Lakini aliinamisha kichwa akanyamaza, na watu wakasema kimya kile ni cha mwenye hatia. Hawakukosea sana. Haikuwa aspatamu aliyoiogopa. Aliogopa kwamba haikuwamo.

Katoni aliisukuma chini ya kitanda. Yalikuwa yamebaki makopo kumi na tisa.

Miezi minane ilipita hivyo. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua saa zao, na kila saa iliyoondoka ukutani ilipunguza sauti moja ndani ya nyumba, mpaka ikabaki moja tu ambayo mwenyewe hakujulikana, nayo ilikuwa mbovu. Shangazi alijikuta akipika kwa mizani bado, nusu kikombe cha huyu, nusu ya yule, na sahani ya pili akaila yeye akiwa amesimama. Kila asubuhi alisali, lakini alihamia upande wa ukutani, ambako akipiga magoti hakuiona katoni. Kazini angeweza kupeleka kopo moja, tone moja kwenye kioo, akajua kabla chai haijapoa. Alipima makopo ya dunia nzima. Ya kwake aliyaacha.

Jumamosi moja mchana wifi alibisha hodi. Alikuja kuchukua sanduku la zana za kaka yake, ukumbusho. Walisalimiana kwa baridi.

"Liko chini ya kitanda," Shangazi alisema, na alipokumbuka kingine kilichoko huko, wifi alikuwa ameshainama.

"Bado unayafuga haya?" Wifi aliivuta katoni, akashika kopo moja na kulipuliza vumbi. "Hebu na mimi nionje hicho kilichommaliza kaka yangu."

"Lirudishe."

"Unaogopa nitakufa? Mbona yeye hukumwogopea?"

"Wifi, sikupi nisilolibatiza."

Alisema bila kukusudia, maneno ya zamani yakitoka kwa njia yao ya zamani. Wifi alimtazama. Shangazi akaona hapo hakuna tena pa kukimbilia. Aliichukua katoni, akaibeba hadi uani, akalisimamisha beseni na kulijaza maji. Mkono wake ulikuwa mkono wa maabara, ulijua la kufanya.

Kopo la kwanza lilizama, likagonga beseni chini. La pili likalifuata. La tatu lilisita, kiputo kikatoka ubavuni mwake, nalo likaenda. Aliyatumbukiza yote kumi na tisa, moja moja, akiyatoa ya mwanzo ili ya mwisho yapate nafasi. Hakuna lililookoka.

"Ndiyo nini sasa?" Wifi aliuliza.

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga. "Ulikosea kitu kimoja tu, wifi. Hakikuwa kemikali. Ni sukari. Vijiko tisa kila kopo, siku tano. Siku ile nilikuwa nimemkasirikia, sikuyapima. Nilimwambia ale afe, kisha nikamletea."

Alingoja matusi. Wifi alikaa kwenye ngazi ya jikoni taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Alijua," alisema.

"Nani?"

"Kaka. Wewe unadhani ulimi wake ungedanganyika? Alinipigia siku ileile, ananong'ona kama mwizi. 'Mdogo wangu, wifi yako amenisamehe. Kaniletea yenyewe, ya sukari. Kaiweka mlangoni kavu, hakuibatiza, ili nisimuulize kitu. Nami namtengenezea saa yake.' Nikamwambia aache. Akasema moja tu kwa siku, na wewe usiambiwe, utaona haya." Wifi alichezea pindo la gauni. "Nikacheka. Nilicheka, wifi, na sikukupigia. Msibani nikaona nikutangulie kabla hujaniuliza nilijua nini."

Shangazi aliitazama saa mkononi mwake. Mkanda ulikuwa umeanza kulainika.

"Daktari alisema moyo," wifi alisema.

"Alisema moyo."

"Na sukari ilikuwa juu."

"Ilikuwa juu."

Hakuna kati yao aliyejua namna ya kuligawa jambo lile, hili la moyo, hili lako, hili langu, hili la mwenyewe. Waliyafungua makopo na kuyamwaga kwenye mfereji wa uani, yote, povu jeusi likikimbia kuelekea ukutani. Wifi alichukua sanduku la zana. Mlangoni alisimama.

"Nije Jumamosi ijayo?"

"Njoo ukipata nafasi."

Wote wawili walijua kwamba huenda asipate.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, Shangazi alitoka uani na ndoo akakuta sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka ufa wa ukuta hadi mferejini, safu mbili, wanaokwenda na wanaorudi. Katika nyumba ile, tangu Fundi Saa alipougua, sisimizi hawakuwa na la kufuata. Alishika ufagio, akasimama nao kitambo, kisha akauegemeza pale pale.

Alirudi chumbani akapiga magoti upande wa mlangoni, upande wake wa siku zote. Chini ya kitanda hakukuwa na kitu. Hakuomba asamehewe kwa ajili ya katoni, hilo angeliomba siku nyingi zijazo. Alikumbuka mumewe akinong'ona kwenye simu, mwenye furaha, akiwa na msamaha mkononi ambao yeye hakuwa ameutoa. Akamwomba Mungu auhesabu kuwa wake, kwamba aliutoa kweli, ingawa mwenzake aliuchukua kabla.

Kisha alifunga mlango, akaangalia saa, na akawavuka sisimizi kwa hatua ndefu kwenda kanisani.