Siku Mama Alipowaamia Ndege wa Järva

Glavu za sufu zilizolowa, zikianikwa juu ya hita, hutoa harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Huenda ni mimi peke yangu ninayeipenda. Kila majira ya baridi watoto wangu wanaporudi na glavu zimejaa theluji, mimi huzipanga pale chini ya dirisha, na kabla hazijakauka nimeshafika Husby, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya nne, miaka ya themanini, nina miaka tisa na nina uongo mmoja unaoninyima raha.

Niwaambie tu ukweli, nilikuwa mwongo hodari. Sikuwa mwongo wa kuiba na kukana. Nilikuwa mwongo wa kuwapa watu kile wanachotamani kusikia. Darasani ikifunguliwa ramani ya Afrika, vichwa vyote viligeukia kwangu, na mimi niliyezaliwa Stockholm na kulijua bara zima kwa picha tano za kwenye albamu ya baba, sikutaka kuwaangusha. Basi nikawaambia kwamba kwetu Ifakara tulikuwa na simba aliyelala barazani. Simba yule alinipa heshima kwa wiki mbili, mpaka msichana wa dawati la mbele yangu, jina lake Pia, alipomuuliza baba yangu kwenye sherehe ya shule kwamba simba wetu anaitwa nani. Baba, mtu asiye na hila, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Tangu siku hiyo, nikifungua mdomo tu, Pia aliinua nyusi.

Mwezi wa Januari mwalimu wetu, tuliyemwita fröken kama walimu wote wa kike walivyoitwa, alitangaza kwamba tutakwenda kuangalia ndege kwenye hifadhi ng'ambo ya uwanda wa Järva, penye ziwa dogo lililozungukwa na matete. Ndege wengi huhama Sweden baridi inapoanza. Yeye alitaka tuwaone wanaobaki. Zaidi ya wote alitamani tumwone rördrom, ndege wa ukoo wa korongo mwenye rangi ya majani makavu, ambaye watu walikuwa wamemwona pale wiki ile. Alisema amekuwa akimtafuta tangu alipokuwa mtoto na hajabahatika hata mara moja. Yule msichana Pia akasema baba yake ana kitabu cha ndege. Nikaona mkono wangu unapanda wenyewe.

"Mama yangu alikuwa anafanya kazi ya ndege," nikasema. "Anawajua wote."

"Kama yule simba," Pia akasema, na darasa zima likaangua kicheko.

Fröken hakucheka. Siku ileile aliandika barua ya kumwalika mama aje kutuongoza.

Kipande kidogo cha maneno yangu kilikuwa kweli. Mama alikulia kwenye mashamba ya mpunga, na utotoni aliamia ndege, yaani alikaa shambani kutwa nzima, tangu mpunga unapotoa masuke hadi unapovunwa, akiwafukuza ndege wasile punje. Alitusimulia habari za dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi alichokuwa akikaa juu yake, na makopo aliyoyafunga kamba ili ayatikise, na kombeo, na makundi ya kweleakwelea yaliyotua kama mtu amemwaga gunia la mchanga. Alisimulia kwa kuigiza, mimi na baba tukicheka mpaka mbavu zinauma. Kichwani mwangu kazi ile ilikuwa likizo tupu. Lakini ndege wa Sweden? Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ndege pekee wa nchi hii aliyemjua vizuri alitoka kwenye friza ya dukani.

Barua aliisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama alivyosoma barua zote za Kiswidi. Kisha akaniita.

"Umewaambia nini hawa?"

"Ingenting," nikajibu, yaani hakuna kitu. Nikiwa na hatia nilikuwa nakimbilia Kiswidi.

"Haya," akasema, akaikunja barua, akaenda kwenye simu kumwomba mwenzake wa kazini wabadilishane zamu. Wiki hiyo nilimwomba Mungu kila jioni ampe mama mafua, yasiwe makali, ya siku moja tu.

Mungu hakunisikia. Asubuhi ya safari mama alisimama mbele ya shule na koti lake refu la kahawia, kanga shingoni ndani ya skafu, na kikapu chenye chupa mbili za chai ya maziwa na tangawizi na bakuli la maandazi. Kwa mama, hakuna kwenda kutembelea watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe ni ndege.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulipita juu ya njia ya mbao iliyowekwa katikati ya matete, tukaingia kwenye kibanda cha kuangalilia ndege, na hapo fröken akaweka kidole mdomoni. Nilikuwa na hofu mno hata sikuweza kufurahia chochote, lakini macho hayakuniuliza, yalichukua kila kitu, na leo bado ninavyo. Ziwa lilikuwa limeganda jeupe, isipokuwa pale kijito kinapoingia, ambapo maji meusi yalitoa mvuke na bata walijazana wakizunguka taratibu. Batamaji wawili walilala juu ya barafu, shingo zimefichwa mbawani. Jua lilikuwa chini sana, na matete yote yaligeuka rangi ya mpunga ulioiva. Sikuwahi kuona mahali pazuri kama pale, nami nilipafikia siku ya aibu yangu.

Tulisubiri. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Fröken akamnong'oneza mama, "Unaona nini?" Mama aliendelea kutazama matete. Yule Pia akageuka, akaniinulia nyusi.

Hapo likaja kundi la vindege wa buluu na manjano, wakashuka wote kwa pamoja kwenye matete mbele yetu. Na mama, kabla hajajua anafanya nini, akapiga makofi mawili makubwa na kupaza sauti niliyoijua kutoka kwenye hadithi zake.

"Hoooya! Hoya, hoya, hoyaaa!"

Kila chenye mbawa kiliondoka. Bata walipaa, batamaji wakakimbia juu ya barafu wakipigapiga mabawa, kunguru wakatukana kutoka kwenye miti ya mbali. Mtoto mmoja aliangusha mkate wake. Kisha kukawa kimya, ziwa tupu, na fröken amejishika mdomo. Yule Pia alianza kucheka na wengine wakamfuata. Nilitamani ile barafu ipasuke inimeze.

Mama hakuomba radhi. "Tulieni," akasema kwa Kiswidi chake chenye lafudhi ya Ifakara. "Sasa ndiyo tuangalie." Aliinama, akaweka kidevu kwenye ubao wa dirisha, macho yakitembea bua kwa bua. Kwa sauti ya chini akawaeleza watoto kwamba shambani hupigi kelele ili kufukuza tu. Wale wa kuruka wakisharuka, unanyamaza na kumtafuta aliyelikumbatia bua na kukataa kuondoka, kwa sababu huyo ndiye atakayekula mpaka jioni. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Upepo mwembamba ukapita, matete yote yakainama kidogo, yakarudi. Moja, nene kuliko mengine, likachelewa.

"Pale," mama akasema.

Ilituchukua muda kuona kwamba lile tete lina jicho. Jicho la manjano, halipepesi. Alikuwa amesimama wima, mdomo umeelekea mbinguni, michirizi ya kahawia ikishuka shingoni na kuungana na mabua bila kuonekana inapoishia. Alikuwa pale muda wote, hatua chache kutoka tulipokuwa tukitetemeka. Fröken alinong'ona jina lake, rördrom, machozi yakimtoka waziwazi, na hakuyafuta. Tulipokezana darubini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Nilimwangalia ndege kidogo, kisha nikamwangalia mama zaidi. Nilijivuna.

Tulipokuwa tukinywa chai, Pia alimsogelea. "Ulipokuwa mdogo, ulikuwa unawapenda ndege?"

Mama alimimina kikombe kwanza, akakijaza. "Niliwaona kila siku," akamjibu, akampa andazi. Yule Pia alikula matatu. Habari za simba hazikutajwa tena mpaka tulipomaliza shule.

Basi nilikua nikiamini kwamba mama ni mpenda ndege. Alipostaafu nilimnunulia darubini nzuri, ya bei mbaya. Akaifungua, akanishukuru sana, akairudisha kwenye boksi na kulifunika.

"Mimi ndege siwapendi, mwanangu," akasema.

Nikadhani anatania. Ndipo akanisimulia upya yale yale ya dungu, safari hii bila kuigiza. Masuke yakitoka tu, yeye aliachishwa masomo kila mwaka, na kaka zake wakabaki shuleni. Mwaka wa mtihani wa darasa la nne, ule uliochagua nani aendelee, alikuwa juu ya dungu tangu alfajiri. Aliwaona wenzake wakipita njiani kwenda kuufanya, mmoja akampungia mkono. Shule yake iliishia hapo. Siku ile, aliniambia, aliwarushia ndege mawe mpaka mkono ukavimba, na tangu hapo hajaona uzuri wao. Nilimsikiliza nikiona haya kwa miaka yote niliyocheka.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kwenda. Angesema yuko kazini, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mama alinitazama kama mtu anayemshangaa mtoto mzito wa kuelewa.

"Mwalimu aliandika kwamba umewaambia mama yako anawajua ndege wote," akasema. "Ulikuwa umeshasema, mbele ya darasa zima. Sasa ningekuacha uwe mwongo?"