Kaseti Iliyofichwa Kolwezi

Huko Likasi, mwanamke wa Kikasai akizaa mapacha, jina lake la zamani limekwisha. Philomène aliitwa Philomène mpaka siku aliyojifungua. Tangu hapo, sokoni, kanisani, hata kwa daktari, ni Mwambuyi, mama wa Mbuyi. Pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, na majina hayo hayachaguliwi. Kabanga hakumaliza mwezi. Na pacha hasemwi kwamba amekufa. Husemwa amerudi, na mama yake halii, maana akilia, aliyebaki atamfuata. Basi Mwambuyi hakulia. Zaidi ya miaka thelathini, jamani, hakulia!

Sasa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika studio ya Ghislain, mtaa wa Panda, mkoba ameukumbatia, roho iko juu juu. Mbele yake kuna manyetoskopi, ile mashine ya kuchezea kaseti za zamani za video, imeungwa kwa waya na kompyuta. Kando yake amesimama Mbuyi mwenyewe, mwanaume mwenye watoto wanne, anachekacheka peke yake. Hajui kitu, maskini.

Kaseti aliileta yeye. Baba yake mdogo, Édouard, alifariki Kolwezi, na walipogawa nguo zake wakaikuta chini ya sanduku, imeandikwa "Mapasa", yaani mapacha. Siku ya kuwatoa watoto nje, Mwambuyi alikuwa bado hospitali, mshono wa upasuaji umeoza. Mumewe Placide, fundi wa kiwanda cha Shituru, akamwita mtu wa kamera ili mkewe naye aje kuiona sherehe. Kisha Kabanga akarudi, na ukoo ukasema mama asionyeshwe, asije akalia. Édouard akaondoka nayo. Placide alizikwa miaka mingi iliyopita, na kaseti ikabaki huko huko.

"Mama, leo nitasikia sauti ya papa," Mbuyi alimwambia njiani. "Ataniita jina."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko kisu. Kwa sababu mama mkwe wake, Mélanie, alipokuwa anakata roho, alimwita karibu akamwambia jambo ambalo heri angeondoka nalo. Wale watoto walifanana, hata ukiwatazama siku nzima huwatofautishi. Waliwatambua kwa uzi mkononi: mwekundu wa Mbuyi, mweupe wa Kabanga. Walipopata homa, mama yao bado yuko hospitali, bibi aliwaogesha dawa za majani akafungua nyuzi zikauke. Alipozifunga tena, wote wawili wanalia, akakisia. Kesho yake, mwenye uzi mweupe akarudi.

"Nilikisia, mwanangu," bibi alisema. "Usimwambie mtoto."

Naye hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba huenda yeye si yeye? Lakini huyu aliyebaki ana doa jeusi nyuma ya sikio la kushoto, kubwa kama kunde, mkewe humtania nalo kila siku. Nyuzi zinaweza kuhama, sawa. Doa la kuzaliwa halihami, ila siku zile hakuna aliyeangalia ni la nani. Na watoto wa kwenye kaseti, siku ile, walikuwa bado na nyuzi zao za kweli.

"Mama, iko na kuvu," Ghislain alisema akiinua kaseti kwenye mwanga. "Nilifungua, nilipanguza utepe wote. Lakini itapita mara moja tu. Ikishapita, iko mu kompyuta, basi, haipotee tena."

Akaisukuma ndani. Kwanza mistari myeupe, kisha wanawake! Wanawake wa ukoo wamejipaka chokaa usoni, wanacheza na kuimba zile nyimbo za mapacha, matusi matupu, nyimbo ambazo siku nyingine ukiziimba utapigwa. Ghislain, mtu wa kwaya, akainamisha kichwa. Mbuyi akapiga kofi kwa furaha. Mwambuyi hakucheka. Alikuwa anangoja.

Kwenye picha, Placide akainuka kitini, kijana, mwembamba, akanyoosha mikono apewe mtoto. Hapo mashine ikakwaruza. Picha ikaganda. Ghislain akaruka, akazima, akachomoa kaseti polepole, na utepe ukatoka nje umekunjamana.

"Mama, kipande hiki kimeoza. Nikikikata, ingine yote tunapata muzuri. Nikilazimisha, mashine inaweza kukamata yote ikapasuka. Ni weye unasema."

"Kata," alisema Mwambuyi. Upesi mno.

"Mama!" Mbuyi alimgeukia. "Kukata? Pale njo papa anakamata batoto! Miye nilikuya juu ya pale tu."

Neno moja tu, aseme tena kata, na siri itazikwa kwenye ndoo ya taka ya Ghislain. Alifungua kinywa. Akamwona mwanawe anavyomtazama, mtu mzima na macho ya mtoto anayesubiri baba arudi kazini, akashindwa.

"Jaribu," alisema.

Ghislain alinyoosha utepe kwa vidole, akaurudisha, akabonyeza. Mashine ikalia, picha ikayumba, ikatulia. Shangazi mmoja wa ukoo amemaliza kuwanyoa watoto. Placide akamwinua wa kwanza, uzi mwekundu mkononi. "Mbuyi!" akapaza sauti. "Huyu njo mukubwa!" Kamera ikasogea. Kichwa safi, masikio safi, pande zote. Kisha wa pili, uzi mweupe. "Kabanga!" Mtoto akageuza shingo, na nyuma ya sikio la kushoto, doa, jeusi, kubwa kama kunde.

"Imepita!" Ghislain alishangilia.

Mkono wa aliyeitwa Mbuyi ulikuwa umepanda wenyewe mpaka nyuma ya sikio lake. "Mama, ile doa ni yangu."

"Ndiyo."

"Papa anaita Kabanga."

"Ndiyo, mwanangu." Akamweleza yote, nyuzi, dawa, bibi, huku akitazama sakafu.

"Ulijua?"

"Sikujua. Niliogopa kujua."

Mwanawe akamwomba Ghislain arudishe, na kompyuta ikarudisha bila shida. Placide akamwinua tena yule mwenye uzi mwekundu. Mwambuyi akawaza miaka yote aliyomwombea Kabanga gizani, na Kabanga yuko hapa, anakula, anazaa, anacheka. Aliyelala peke yake kule makaburini ni mwingine, na tangu azikwe hajaitwa jina lake hata mara moja. Uchungu ukampanda, mwiko ukamtoka kichwani. Akasimama, akaweka kiganja juu ya kile kitoto kwenye kioo, akalia kwa sauti mpaka watu wa barabarani wakasimama.

"Mbuyi! Mbuyi wangu, yo!"

"Mama," akaitika mwanawe nyuma yake.