Generosa, aliyefeli kwa amri ya baba yake

Jua la saa nne limeshakolea Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, na Generosa Makoye anaponda mawe. Amekaa juu ya gunia, kanga imefunika pua na mdomo kuzuia vumbi. Jiwe likipasuka anaokota kipande, anakigeuza juani, anakitupia kwenye ndoo.

"Hili lina kitu," anasema. "Hilo ulilookota wewe, mwandishi, ni la kujengea choo."

Ana miaka thelathini na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa. Ndoo moja humpa shilingi elfu moja, na siku njema hujaza nane. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akija kulipa, wanawake wote humwachia Generosa hesabu, maana haibiwi hata ndoo.

Sasa sikia: mwanamke huyu alifeli darasa la saba. Na alifeli kwa makusudi.

"Baba alinikalisha, akasema nikifaulu nisirudi kwake. Ng'ombe kumi na wanane wa mahari walishazungumzwa. Nikajaza C mtihani mzima. Maswali nilikuwa nayajua, ndicho kilichoniuma."

Siri hiyo aliifungia moyoni zaidi ya miaka ishirini. Mumewe, Bujiku, alijua ameoa mtu aliyeshindwa shule, na kwa utani alimwita Mama Sifuri. Generosa alikuwa akicheka naye.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Mwalimu Apolonia akamwita shuleni. Lusia, binti wa Generosa, ambaye hatoki nafasi tatu za kwanza, alikuwa amepata alama tisa kati ya hamsini kwenye mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mwalimu alidhani mtoto anaumwa.

"Nikaiona karatasi. B, B, B, juu mpaka chini. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtoto kitu."

Bujiku hakukana kwamba ndiye aliyemwamuru binti ajaze hivyo. "Sekondari iko kilomita tisa, na njia ya machimboni ina vijana wenye hela," anasema, akiangalia vidole vyake. "Walishakuja watu wa heshima kumposa. Nilidhani namwepusha na balaa."

Jioni ile Generosa hakugombana naye. Aliazima kwa mwalimu mtihani wa zamani wa hesabu, akachukua kipande cha mkaa, akapiga magoti mbele ya mumewe na kuukokotoa sakafuni, hatua kwa hatua. Swali moja tu lilimshinda.

"Nikamwambia, mficha uchi hazai, Baba Lusia. Mama Sifuri wako ndiye huyu. Mimi nilitii. Unataka na mwanao aje aponde mawe huku majibu alikuwa nayo?"

Bujiku aliinama akazifuata zile hesabu sakafuni mpaka ugali ukapoa.

Lakini Generosa alijua maneno yake peke yake hayatoshi kumgeuza binti. "Lusia ana adabu. Baba yake asingesema mwenyewe, angejaza B mpaka kesho. Mimi si ndivyo nilivyofanya?"

Mtihani ulipofika, mwezi wa tisa, Bujiku alimpakia binti yake kwenye baiskeli siku zote mbili. Langoni alimwambia maneno machache: "Mwanangu, jaza unachokijua." Wale waliokuja kuposa alikuwa ameshawarudisha kwao.

Lusia alifaulu. Leo yuko kidato cha kwanza, na zile kilomita tisa anazimaliza kwa baiskeli ileile ya baba yake.

Chini ya gunia la Generosa kuna daftari. Amejiandikisha elimu ya watu wazima, na mwakani anataka kufanya mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia mtu mzima njia ya kuufikia mtihani wa kidato cha nne. Jioni Lusia humfundisha. Mwenzake wa kuponda mawe, Euphrasia, humtania kwamba anatafuta sare uzeeni.

Generosa anaishika tena nyundo yake.

"Acha anicheke," anasema. "Safari hii nikifeli, nifeli kwa kutojua."