Kaka Tuliyemwita Mtunza Bohari

Wanaume wawili waligonga mlango saa tatu asubuhi, na dada mtu akajibanza nyuma ya kabati la vyombo. Ndivyo kaka yake alivyomfundisha: mgeni asiyetaja jina la mtu wa ndani hafunguliwi. Wale nao hawakutaja jina. Kazi yao haikuwazoesha kuita majina milangoni. Basi habari ya msiba ikasimama nje juani nusu saa nzima, huku yeye akianza sala asiifikishe mwisho.

Mwishowe mmoja akainama, akasemea tundu la ufunguo. "Mama, tumetoka kazini kwa kaka yako. Pole sana. Ameanguka mezani asubuhi hii. Hatunaye."

Akafungua. 

Kaka alikuwa amebakiza wiki mbili tu astaafu. Mtaani walimjua kuwa mtunza bohari wa serikali. Ndivyo alivyoagiza isemwe, na dada, mshonaji mcha Mungu, aliusema uongo huo miaka thelathini na moja na kuutubia kila Jumapili. Ukweli ni kwamba kaka alikuwa afisa usalama. Kabla ya kila mkutano mkubwa aliuzunguka uwanja kwa miguu, akipapasa chini ya kila kiti, na watu wakaja wakaketi wasijue. Nyumbani alikula akiutazama mlango. Hakuoa, alisema hofu yake inamtosha mwenyewe, haina haja ya kugawiwa mke. Dada alipougua, alimbeba mgongoni ghorofa nne mpaka kwa daktari.

"Ofisi itamuaga kwa heshima zote," wageni walisema. "Wasifu utausoma wewe. Safari hii itaje kazi yake. Mkubwa ameruhusu."

"Mbele ya mtaa mzima?"

"Mbele ya mtaa mzima, mama."

Hapo hofu ikamwingia mifupani. Mlango wa pili aliishi kinyozi, ambaye miaka tisa nyuma alichukuliwa na watu wa usalama akahojiwa siku kumi na moja, akarudi mifupa mitupu. Dada aliwahi kumwuliza kaka kama ana mkono katika jambo lile. Kaka akaweka kijiko chini. "Usiniulize hilo, mdogo wangu." Hakumaliza chakula.

Sasa je, kinyozi akisimama kumtukana maiti? Je, mtaa mzima ukiinuka ukaondoka, kaka azikwe na maofisa peke yao?

Kwenye wasifu dada akaandika "mtunza bohari", akakata, akaandika tena.

"Soma hilo hilo la bohari," shangazi yao akamwambia. "Maiti hadai cheo."

"Shangazi, watu nimewadanganya yeye akiwa hai. Leo niwadanganye tena na mchungaji amesimama pale?"

Siku ya kuaga, jeneza lilifunikwa bendera. Kinyozi alikaa mstari wa pili. Dada akaikunjua karatasi, akasoma.

"Kaka yangu alikuwa afisa usalama."

Kinyozi akasimama. Dada akafumba macho.

"Dada, mbona tunajua," kinyozi akasema. "Mtunza bohari gani huyo, miaka yote hajaleta nyumbani hata msumari?"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kinyozi mwenyewe hakucheka.

"Mimi alinihoji yeye. Waliotaka kunipiga aliwatoa chumbani. Lakini siku zangu kumi na moja hakunirudishia mtu. Hayo tutamalizana naye kwa Mungu. Wewe soma."

Dada akasoma mpaka mstari wa mwisho.

Saa tisa walimpeleka makaburini. Askari sita walishusha jeneza, wakaikunja bendera na kumkabidhi dada. Mchungaji akaomba. Watu wakapokezana koleo. Kinyozi hakulishika, wala hakuondoka. Alisimama pembeni mpaka udongo ulipojaa. Kisha watu wakarudi makwao.