Riwaya Nilizomsomea Mama

Harufu ya ganda la chungwa ikikutana na harufu ya karatasi iliyowahi kulowa, mimi hurudi moja kwa moja chumbani kwa mama, Msambweni, mwaka niliokuwa darasa la sita. Vitabu vyenyewe vilitoka Kikoneni, ndani ya kapu la jirani yetu Mama Wambua, chini ya machungwa aliyokuwa akiyaleta kuuza sokoni. Shemeji yake alikuwa mwalimu huko, na rafu yake ya riwaya ilikuwa imevujiwa na mvua, kwa hiyo kurasa zilijikunja na kugeuka rangi ya chai. Ukikifungua kitabu, kilinukia chungwa, kuvu na moshi wa kuni. Mpaka leo nikishika kitabu kipya dukani naona kama hakijaiva.

Mama alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyejua kukaa bure. Msimu ule alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Safari hii muuguzi wa kliniki alimwambia alale, asinyanyue hata ndoo wala asikanyage cherehani, mpaka mtoto akomae. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja kule Diani na alirudi nyumbani mwisho wa juma tu. Basi cherehani ikafunikwa kanga na kusukumwa ukutani, na mama akalala ubavu, akiyatazama makuti ya paa. Hakulalamika, lakini alianza kula kidogo, na nilipomwambia shikamoo nikitoka shule aliitikia kwa sauti ya mtu aliye mbali. Mama Wambua ndiye aliyetambua ugonjwa wenyewe. Yeye na mumewe walihamia pwani kutoka Ukambani kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. "Mama Mejumaa," alimwambia, "wewe unaumwa na kukaa bure. Hii kitabu itakutoa hapa bila kuinuka." Mama akamsahihisha papo hapo: "Kitabu hiki." Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akimsahihisha mtu, nami nikafurahi.

Mama akisoma mwenyewe kichwa kilimzunguka, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, na Mama Wambua, akitoka sokoni, alikaa mkekani akichambua mchicha. Tulianza na riwaya ya upelelezi. Hatujafika mbali mama akasema muuaji ni yule daktari, kwa sababu ndiye aliyekuwa akijitolea kusaidia kabla hajaombwa. Ikawa kweli, na mama akakidharau kitabu kizima. Alisema mwandishi wa upelelezi anapaswa kumheshimu msomaji kama fundi anavyomheshimu mteja, asimpe nguo yenye mshono unaoonekana nje. Kisha ikaja ya mapenzi. Mama Wambua aliipenda mno, akalia mara mbili, akisema kijana yule ana macho kama ya mumewe zamani. Mama alimwacha amalize kulia, kisha akauliza, "Huyu kijana tangu ukurasa wa kwanza anatazama bahari na kuhema. Anafanya kazi gani? Nani anampikia?" Wakabishana mpaka mchicha ukanyauka. Ile ya majini ilimchekesha mama, maana jini lilikuwa na adabu kuliko wakwe wote waliokuwamo. Ya historia ndiyo aliyoipenda kuliko zote, ingawa mimi ilinichosha kwa majina. Alinirudisha nyuma kila mara nisome tena mahali ambapo wanawake walikuwa wakisuka mikeka na kuzungumza, akasema hapo ndipo mwandishi alipowasikiliza watu, kwingine kote alikuwa akiwahutubia.

Baba hakuipenda sana shughuli hii. Aliporudi Jumamosi alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniambia kwa upole nimsomee mama vitu vya heri. "Moyo wake usitikiswe, mwanangu. Mimi siku zote niko mbali." Nikamwahidi. Na kweli, riwaya iliyofuata nilidhani ni ya heri: msichana wa kijijini, mume mpole, nyumba mpya, mtoto njiani. Mama alishikamana na msichana yule. Alimshauri kwa sauti, akamkataza kubeba kuni, akamgombeza mama mkwe wake. Alianza kumaliza chakula chake ili niendelee upesi. Kisha alasiri moja, mama akiwa amesinzia, nikapenyeza macho mbele, nikaona kwamba msichana anafia uzazini na mtoto naye.

Nilimkimbilia Mama Wambua kwake. Alikuwa akipepeta mahindi. Aliisoma sura ile amesimama, akafunga kitabu. "Uyu mwandishi hana haya," akasema. "Tumwambie kitabu kimepotea?" Nikamwambia mama hataamini, kitabu hakitoki chumbani mle. Akafikiri kidogo, akanirudishia. "Basi wewe soma, lakini usisome."

Nikaelewa. Kuanzia siku ile nilikishika kitabu wazi mbele ya uso wangu na kutunga mwenyewe. Nilimpeleka msichana hospitali mapema, nikampa muuguzi mkarimu, nikamnunulia mumewe baiskeli. Maneno yaliniishia haraka, nikawa narudia "basi wakafurahi sana" kila mara. Mama Wambua alisikiliza ameinamia mboga zake, akitikisa kichwa kuniunga mkono. Siku ya tatu mama akasema, "Ajabu. Mwandishi huyu amebadilika. Alikuwa mtu mzima, sasa anaandika kama mtoto wa darasa la sita." Akanyoosha mkono. "Nipe kitabu, Mejumaa." Nikamtazama Mama Wambua, naye akaitazama sakafu. Nikampa.

Alisoma polepole, akipumzika kila mara kwa ajili ya kizunguzungu. Nilimwona akifika pale. Alijua mtu anayelala kitandani vile anaweza kuishia vipi, alijua kuliko sisi sote. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akakifunga na kukiweka tumboni. "Amemuua kwa sababu alishindwa kujua la kumfanyia," akasema. "Kifo kinakuja, hilo najua, lakini hiki hakikuja, kimeletwa tu kukifunga kitabu. Ni uvivu." Akanigeukia. "Chako lugha yake mbovu. Lakini mtu wako alikuwa hai, nilimwona anatembea. Hebu endelea, na huyo mume mwondolee hiyo baiskeli, tayari tunajua ni mwema."

Nikaendelea hadi wiki ile maumivu yalipomjia kabla ya wakati wake. Mume wa Mama Wambua alitafuta gari, wakampeleka hospitali, mimi nikabaki na Mama Wambua. Hatukusoma kitu. Yeye aliomba kwa dini yake, nami kwa yangu, kila mmoja upande wake wa mkeka, na uji aliopika ukapoa. Asubuhi baba akaja kutoka hospitali na nguo za kazi, amevua viatu, akainua mikono kuonyesha urefu wa mtoto. Ulikuwa urefu mdogo sana. Alikuwa msichana, tukamwita Riziki, na mama akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake kutoka barabarani, akikataa kushikwa.

Leo ninaishi Ukunda, na ndugu yangu Riziki anasomea udaktari wa meno, hagusi riwaya hata moja. Mama Wambua amehamia Kikoneni kabisa. Mimi ndiye ninayesoma. Miezi hii nimesoma ya upelelezi iliyonidanganya hadi mwisho, nikaipenda kwa hilo. Nimesoma ya mapenzi ambamo wapenzi wanagombana juu ya nani aoshe vyombo, nikatamani Mama Wambua angekuwa mkekani anibishie. Nimesoma ya mambo yajayo, ambamo bahari imemeza pwani yote, na ilikuwa nzuri ila kila mtu humo alizungumza kama mhadhiri. Nampigia mama simu kumweleza, naye ananiuliza maswali yale yale kuhusu kazi na chakula.

Ya mwisho niliyosoma ilikuwa na kifo cha mzazi, kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, na nilimsifu mwandishi, nikazima taa, nikalala. Zamani tulikuwa na kitabu kimoja watu watatu, tukakipigania sentensi kwa sentensi. Sasa ninavyo vingi kuliko rafu, najua kuvipima, na hakuna mtu aliyelala chumba cha pili akinisubiri nimwambie kwamba yule msichana amepona.