Aliyekuwa Anakunywa Dizeli

Kuna watu wakiona taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, wanachukua tepu nyeusi na kuiziba. Taa imekuja kukuambia kitu, wewe unaifunga mdomo! Jambo hilo linaniudhi kuliko matusi, na tangu nianze ufundi hapa Ushirombo nimebandua tepu za namna hiyo mpaka kucha zinanata. Lakini hakuna tepu iliyoniudhi kama ile ya kwenye lori la mawe, kwa sababu chini ya tepu ile alikuwa amefunikwa mtu mzima, na jina alilobandikwa lilikuwa mwizi.

Lori lilikuwa la kijana mmoja ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilitema. Jana mtu yuko shimoni na tochi kichwani, leo dhahabu imemkubali, ana gari. Sina wivu, mwenye kupata apate, na mimi mwenyewe kila nikilala naota gereji yangu yenye sakafu nyeupe kama sahani, skrubu ikianguka naiona ilipo. Lori lile lilibeba viroba vya mawe kutoka maduarani kwenda kwenye karasha kusagwa. Aliyeliendesha alikuwa mzee aliyeanza na malori ya pamba kule Shinyanga kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa na tabia ya kulipigapiga bodi kabla ya kupanda, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni asogee.

Asubuhi ile waliingia gereji na moshi mweusi hivi kwamba mama anayekaanga chapati jirani yetu alifunika beseni kwa kanga yake na kupiga kelele, "Tuueni basi, mmalize!" Bosi wa lori akashuka akicheka. Mzee akashuka upande wa pili, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mayu. Mmeamkaje?" Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Bosi akanitazama. "Unamwamkia mwizi, dada?"

Nilidhani ni utani. Sisi huku tunataniana sana, mpaka kwenye misiba. Nikatabasamu, nikamtazama mzee nione atajibu nini. Mzee alikuwa anaangalia kofia yake.

"Fundi," bosi akamwambia fundi mkuu wetu, mtu aliyenishika mkono nilipotoka nyumbani Ngokolo na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikunifungulia hata geti. "Gari halina shida. Sensa imewekwa mpya juzi tu kwa fundi mwingine. Lakini dizeli inakwisha kama inamwagwa. Nikauliza, inakwenda wapi? Nikapata jibu. Nimemwambia pale kwenye chai ya madereva, mbele ya wenzake wote: mzee, unaninyonya. Unachomoa mafuta njiani unauza."

"Na yeye akasemaje?" fundi akauliza.

"Atasemaje?"

Jamani. Mzee yuko hapo, hatua chache tu, anaongelewa kama tairi bovu. Nilisikia masikio yananichemka. Mimi ni mtu wa kucheka, wateja wengine wananiambia ninacheka mpaka na boliti, lakini pale nilishindwa hata kutabasamu.

Bosi akasema anakwenda mnadani kuangalia ng'ombe. "Likagueni. Nikirudi jioni, kama hamjaona kitu, huyu namwacha hapa hapa. Na wenye malori wote nitawapigia simu. Asiguse usukani wa mtu tena." Akapanda bodaboda akaondoka.

Sasa niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe. Injini nyingi za dizeli za siku hizi zina vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ukapite tena. Kwenye vali kuna sensa. Kazi ya sensa ni kuiambia kompyuta ya gari: sasa mlango umefunguka kiasi hiki, sasa umefungwa. Sensa ikisema uongo, kompyuta inaufungua mlango kupita kiasi, injini inakabwa na moshi wake yenyewe, nguvu inapotea. Dereva anakanyaga zaidi apande kilima, na dizeli inakwenda. Fundi wa kwanza aliunganisha mashine ya kupimia, mashine ikaandika "sensa ya vali," akabadilisha sensa. Taa ikarudi. Ndipo akaleta tepu. Na bosi naye akapiga hesabu yake: sensa mpya, taa haionekani, kwa hiyo mwizi ni mzee. Hesabu gani hiyo? Hata mimi niliyeshindwa hisabati shuleni niliiona imepinda.

Fundi mkuu alijikuna kidevu. "Tukate bati tuzibe vali kabisa. Moshi utakata leo leo."

Ndivyo wanavyofanya wengi huku. Unachukua kopo la mafuta ya kupikia, unakata kipande, unakichomeka katikati ya vali na injini, habari imekwisha. Fundi alikuwa ameshaokota mkasi.

"Yaya," mzee akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu bosi aondoke. Hapana, kwa Kisukuma, na alilitamka taratibu sana.

"Mzee, moshi utakata," fundi akamwambia. "Na mafuta yatapungua."

"Yakipungua atasema nimeacha kuiba kwa sababu nimekamatwa." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nitafutieni kilichokuwa kinakunywa. Nataka akione kwa macho."

Fundi akaurudisha mkasi kwenye sanduku. Nikachukua mita, nikajipinda chini ya kabini.

Tulianza na sensa yenyewe. Nikaisukuma vali kwa kidole polepole, fundi akasoma mita. Namba zikapanda vizuri, bila kuruka, bila kusitasita. Nikaachia, zikashuka. Sensa nzima kabisa. Tukarudia, ikawa vilevile. Nikaanza kufoka pale chini: mtu kabadilisha kitu kizima, kaweka kizima kingine, halafu mzee wa watu anaitwa mwizi!

"Punguza mdomo," fundi akasema, "unaniharibia usomaji."

"Fundi, ujumbe unaondoka hapa vizuri. Je, unafika?"

Akanitazama kidogo, kisha akainuka akaenda upande wa pili, akafungua kifuniko cha kompyuta chini ya kiti, akachomeka mita kule.

"Sukuma."

"Nimesukuma."

"Hujasukuma."

"Fundi, kidole kimezama mpaka kwenye kiungo!"

"Basi huku hakuna kitu. Namba imelala tu. Toa kidole."

"Nimetoa."

"Imelala vilevile." Akachungulia kutoka juu ya kiti, macho yamemtoka. "Kumbe!"

Katikati ya vali na kompyuta kulikuwa na waya tu. Tukaufuata kwa mikono, mimi kutoka mbele, yeye kutoka nyuma, tukakutana chini ya kabini mahali ambapo waya zote zilikuwa zimefungwa kwenye chuma kwa mpira wa tyubu. Nani huku hafungi kwa mpira wa tyubu? Kuni kwenye baiskeli tunafunga kwa tyubu, bomba linalovuja tunafunga kwa tyubu, tochi ya mchimbaji inakaa kichwani kwa tyubu. Kwenye maduara hata magogo ya kuzuia udongo, yale matimba, yanakazwa kwa tyubu, na maisha ya watu yananing'inia hapo. Simdharau mpira wa tyubu. Lakini waya si gogo! Mpira huu ulikuwa umezungushwa na kukazwa kwa nguvu zote za mwanamume, fundo likachomekwa ndani ya mkunjo wake lisifunguke.

Nikataka kulikata kwa kisu. Fundi akanizuia, "Fungua, tuone." Nilipambana nalo mpaka vidole vikauma. Lilipoachia, maji meusi yakanidondokea usoni. Lori lile lilioshwa mara kwa mara kwa pampu, maji yakaingia chini ya mpira na kukaa humo. Ndani, ule waya wa kubeba ujumbe ulikuwa umegeuka kijani kama kutu ya sufuria ya shaba, nyuzi zimeoza, zimebaki chache zinazogusana zikitaka, zisipotaka basi.

Mzee alichuchumaa pembeni yetu akautazama ule mpira, mikunjo ya fundo bado imo.

"Ulifunga wewe, mzee?" nikamuuliza.

"Mimi nafunga fundo la turubai. Hili ni la matimba." Akanyanyuka akaenda kununua chapati.

Tukaukata waya mpaka kwenye shaba inayong'aa, tukauunga kwa risasi ya kuyeyusha, tukauvalisha mpira wake mwembamba, tukaupitisha mbali na chuma. Nikasukuma vali. "Inapanda!" fundi akapiga kelele kutoka juu, na mimi nikapiga kelele kutoka chini, mama wa chapati akadhani mtu kabanwa. Tukafuta taa kwa mashine, mzee akawasha, akakanyaga. Moshi ulitoka kidogo ukakata. Nikabandua ile tepu. Chini yake giza, taa imezimika kweli.

"Leo mmekumbuka kwamba na sisi tunavuta hewa?" mama wa chapati akasema.

Bosi alirudi jua likiwa limeshainama. Tulikuwa tumeuweka ule mpira juu ya stuli. Kabla hatujafungua mdomo akauona.

"He! Nani kafungua fundo langu?" Na alisema kwa fahari kabisa. "Hilo nilikaza mwenyewe ile siku tulikwama mtoni, waya zilikuwa zinaning'inia. Fundo hilo halifunguki ovyo, nimeshushia watu shimoni kwa fundo hilo!"

Fundi akamwonyesha kipande cha waya wa kijani. Akamweleza polepole, bila kumdhalilisha. Bosi akakigeuzageuza kile kipande, akautazama mpira, akanitazama mimi, akatazama barabarani. Mahali pekee ambapo hakutazama ni pale aliposimama mzee.

"Kumbe ni hicho tu," akasema. "Basi yamekwisha. Mzee, washa twende."

"Yamekwisha kwa nani?" Neno lilishatoka, siwezi kulirudisha. "Umemwita mtu mzima mwizi mbele ya watu, halafu yamekwisha?"

"Dada, wewe si umeshatengeneza?"

Fundi akakohoa, kile kikohozi chake cha kuniambia mteja ni mteja. Nikasaga meno. Mzee akalipiga bodi kidogo, akapanda. "Twende," akasema. "Ila tutapitia kwenye chai. Mayu, panda na wewe, usikilize gari likiwa barabarani."

Pale kwenye chai ya madereva palikuwa pamejaa. Mzee akasimamisha lori mbele ya mabenchi, injini inanguruma. Dereva mmoja akaja nyuma na kikombe chake, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi, akakitazama.

"Leo haifuki! Mmeipa dawa gani?"

Bosi akatoa kichwa dirishani. "Tumebadilisha sensa."

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya moto. "Hatujabadilisha sensa! Sensa ilikuwa nzima!"

"Nani kakuuliza wewe?"

Mzee akazima injini. Akashuka, akazunguka mpaka mlango wa bosi, akaufungua.

"Siku ile ulisimama pale, kwenye lile benchi," akamwambia. "Nenda ukasimame tena."

"Mzee, tusiaibishane."

"Mimi nilishaaibishwa. Ni wewe peke yako uliyebaki."

Bosi akashuka, akatembea mpaka kwenye benchi akiwa ameshika simu kama mtu anayesubiri impigie imwokoe. Akasema kitu akitazama ardhi.

"Ongeza sauti," mmoja akadakia kutoka nyuma, "huku tunasikia vijiko tu!"

Wakacheka. Bosi akainua uso. "Mzee hakuiba mafuta. Waya uliharibika. Niliufunga mimi vibaya."

"Haya, umesikika," yule wa nyuma akasema. "Kunywa chai."

Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nikijua sasa mzee atapanda, wataondoka, na mambo yatakuwa yamekaa sawa. Mzee akamwendea bosi, akampa ufunguo.

"Tafuta dereva."

"Mzee, si nimeshasema?"

"Umesema, ahsante. Ndiyo maana naweza kuondoka. Jana hata mkokoteni nisingepewa." Akawaaga wenzake mmoja mmoja kwa mkono, akaniaga na mimi, "Mayu, Mungu akulinde," akashika njia ya kwenda stendi, kofia kichwani.

Nilimtazama bosi. Nilitaka amwite, hata kwa jina tu, hata akatae kuitika. Alikuwa anautazama ufunguo. Miaka yote ya mtu yule kwenye usukani inakwenda zake kwa miguu, na yeye anafikiria mawe yake ya kesho.

"Dada," akaniambia, "wewe unajua kuendesha hii?"

"Najua," nikamjibu, nikachukua mita yangu kwenye kiti, nikavuka barabara.

Nilifika gereji vumbi limenifunika mpaka kope. Fundi alikuwa anafunga sanduku la spana.

"Gari liko wapi?"

"Liko pale kwenye chai, limezimwa," nikamwambia. "Vali inafanya kazi vizuri sana."